Saa ya automatiki ikisimama, si lazima imeharibika

Saa ya automatiki haina betri. Ndani iko na kipande kizito chenye kuzunguka mkono ukitembea, nacho kinakaza springi. Nyingi zikilazwa mezani zinadumu masaa kama 40. Mtu anaivaa Jumapili kwa ibada, Jumanne asubuhi imesimama, anakimbia kwa fundi kulipa franga za bure.

Nje wanauza visanduku vya kuzungusha saa hizi. Kwa Kindu, na umeme wa kukatika, ni pambo la bei kali. Tena havirekebishi saa yenye kuchelewa, vinazuia tu isisimame. Tikisa saa polepole, ao zungusha kifundo chake mara 20 hivi kama ni ya kukubali kukazwa kwa mkono, kisha ivae kila siku. Tarehe usiibadilishe kati ya saa tatu na saa tisa za usiku: meno ya ndani yanaweza kuvunjika.

Kupotea sekunde chache kwa siku ni kawaida. Lakini ikianza gafula kukimbia dakika nzima, fikiria sumaku. Saa hailazwi juu ya bafle ya redio! Fundi mwenye chombo cha kuondoa sumaku anamaliza kazi hiyo upesi.

Kubaki kuilinganisha. Kindu inafuata saa ya Lubumbashi, Kinshasa iko nyuma saa moja. Mwenye kufuata saa inayotangazwa na redio ya Kinshasa atafika uwanjani ndege imekwisha kuruka.