Boti za pantoni Ziwa Kivu: mzigo, upepo na hatari ya kutia gati

Wasafirishaji wa Gisenyi hupenda boti ya pantoni kwa sababu sakafu yake ni tambarare. Magunia, kreti na hata pikipiki hupakiwa bila taabu. Lakini sakafu hiyo hiyo hudanganya: mwenye mzigo akiona nafasi imebaki, hudhani boti bado inaweza kubeba.

Pantoni hubebwa na maboya yaliyo chini yake, si na sakafu. Boya la duara lenye urefu wa mita 6 na kipenyo cha sentimita 60, likizama lote, hubeba takriban kilo 1,700. Mawili ni kilo 3,400, na nahodha mwangalifu hatumii zaidi ya nusu, yaani kilo 1,700. Ikiwa boti yenyewe, mashine na mafuta vina uzito wa kilo 900, zinabaki 800. Ondoa watu watatu, na nafasi halali ni ya magunia 11 ya kilo 50. Wengi hupakia 20.

Mzigo mzito ukae chini, katikati, na ufungwe kamba. Ukirundikwa mbele, ncha za maboya huzama wimbi linapokuja na maji hupanda sakafuni. Kabla ya safari, maboya yagongwe kwa kipande cha mti na vizibo vifunguliwe: maji yakitoka, boya limetoboka na boti haifai kuondoka. Maji yaliyo ndani hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito.

Gisenyi iko ncha ya kaskazini ya ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 90. Upepo wa kusini, ambao huvuma sana majira ya kiangazi kuanzia Juni, hupata nafasi ndefu ya kukuza mawimbi kabla ya kufika hapo. Aidha, ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mashine ya petroli ya kawaida hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu zake. Anayenunua mashine iliyopimwa pwani asishangae ikimwangusha akipigana na upepo huku amebeba mzigo kamili.

Hatari kubwa mara nyingi huja safari inapoisha. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka Septemba 20, 2018 kikikaribia Ukara katika Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 walikufa. Oktoba 3, 2024 boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama mbele ya macho ya watu karibu na Kituku, Goma. Vita vilikuwa vimeifunga barabara, na wafanyabiashara walikuwa wamehamia majini.

Watu wakiona gati husimama, hushika mizigo na kusogea upande mmoja. Kwa hiyo nahodha awaamuru wakae mpaka kamba zifungwe, na washuke wachache wachache. Jaketi za kujiokolea zivaliwe tangu mwanzo. Zikifungiwa chini ya magunia hazimsaidii mtu. Baada ya ajali ya Aprili 2019 katika Ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo aliagiza kila abiria avae.

Kwa wanaolala ufukweni wakisubiri mzigo kuna jambo jingine, ambalo mgeni halijui. Karibu na Goma na Gisenyi kuna mazuku, gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Haionekani. Wafanyakazi wa boti wasilale mashimoni wala sehemu za chini zisizo na upepo, hata kama hapo ndipo baridi haiwafikii.