Mzazi Akae Nyumbani Lini? Hoja kutoka Mamboleo

Katika nyumba nyingi za kupanga za Mamboleo, ukitoka Kisumu kuelekea Kakamega, swali la nani akae na mtoto huamuliwa kwa hesabu moja: mshahara wa mama, toa malipo ya yaya. Kikibaki kidogo, mama anaacha kazi. Hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo, maana malipo ya yaya hukatwa upande wa mama peke yake. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa mtoto haki ya malezi, na wajibu wa malezi hayo kinawatwika baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Yaya basi ni gharama ya nyumba nzima. Mbona kodi ya nyumba haikatwi kwa mama tu?

Wanaotaka mama akae nyumbani hudai ndivyo ilivyokuwa zamani. Historia ya ufuo huu wa ziwa haiwaungi mkono. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na katika miongo iliyofuata wanaume wengi wa Nyanza walikwenda kutafuta kibarua Nairobi, Mombasa na kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Wanawake walibaki na jembe na soko. Mtoto mchanga alibebwa na dada yake; akikua kidogo, jioni alikwenda siwindhe, nyumba ya bibi mzee ambako watoto wa Kijaluo walifunzwa hadithi na adabu. Mama alikuwapo, ila hakulea peke yake. Leo huyo dada yuko darasani, na bibi mara nyingi amebaki kijijini.

Kabla ya kuuliza “nani”, nadhani tuulize “lini”. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 na baba wiki 2, zote kwa malipo kamili. Sasa fungua kijitabu cha kliniki. Baada ya chanjo za kuzaliwa, zinazofuata ni za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Miezi mitatu ni kama wiki 13. Hata mama aliyeanza likizo siku aliyojifungua anatakiwa kazini kabla ya chanjo ya wiki ya 14, sembuse aliyeanza mapema. Kunyonyesha bila kumpa mtoto kitu kingine kunashauriwa kwa miezi 6. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa katika kaunti za eneo la ziwa mwaka 2019, ilipangiwa miezi 6, 7, 9 na 24. Malaria yenyewe haifuati ratiba: mtoto anachemka usiku wa manane, na asubuhi lazima mmoja apange foleni hospitalini. Sheria ya Ajira inatoa likizo ya ugonjwa kwa mfanyakazi anayeumwa yeye. Ya kuuguza mtoto haikuitaja. Hapo ndipo watu husingizia tumbo.

Kwa hiyo mtoto anamhitaji mama mfululizo kwa miezi sita ya mwanzo, kisha anamhitaji mzazi kwa siku za hapa na pale. Siku hizo hazihitaji titi. Baba anaweza kupanga foleni ya chanjo ya mwezi wa 9 vilevile kama mama, na kumwachisha mama kazi miaka mitatu kwa ajili ya siku hizo ni hasara isiyo na sababu.

Haya yote ni ya walioajiriwa. Auzaye mboga sokoni Kibuye hana likizo yoyote. Asipofika sokoni, hajauza. Kwake suluhisho ni mahali salama pa kumwacha mtoto tangu akiwa mchanga hadi aingie PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, akiwa na miaka 4. Jedwali la Nne la Katiba limekwisha kuikabidhi kaunti wajibu huo: vituo vya kulelea watoto ni kazi yake, katika aya ileile inayotaja elimu ya chekechea. Bunge la Kaunti ya Kisumu livitengee fedha katika bajeti ijayo, na vya kwanza vijengwe jirani na masoko.