Mali ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu n'kuulize. Ukenda kwa fundi cherehani ukamwambia, "Nishonee kanzu tatu bure, nikizipenda ndo n'takupa kazi," atakujibu nini? Akiwa na adabu atacheka. Akiwa hana, utatoka mbio.

Mie nilizishona hizo kanzu tatu. Nilipomaliza kidato cha nne hapa Tumbe nilijifunza kuchora kwa kompyuta kwenye duka la steshenari kule Konde, kisha nikapanda meli kwenda Unguja kutafuta kazi. Ofisi moja, jina siitaji, ikanipa "jaribio": nembo mbili na bango moja, kwa siku tatu. Nikakesha, nikapeleka. "Tutakupigia." Hawakupiga. Mwezi wa pili wake nikaliona bango langu limetundikwa Darajani, rangi zile zile, herufi tu zimenenepeshwa. Nilisimama pale kama mtu aliyemsikia mwanawe akiitwa kwa jina la baba mwengine.

Niliporudi Pemba nikamweleza babu, aliyekuwa fundi wa vyombo.

"Na mie nilifanya kazi bure, mjukuu wangu," akanambia. "Miaka."

Zamani za uanagenzi kijana hakulipwa. Alivuta kamba ya keke, akasokota pamba ya kalafati, akabeba mbao, na chombo kikishushwa majini sifa zilikuwa za fundi. Lakini alikula kwa fundi, na siku ikafika akakabidhiwa tezo yake.

"Mie nilitoa jasho nikapewa ufundi. Weye umepewa nini?"

Sikuwa na jibu, basi nikaanza kuyatafuta ya nyuma. Tazama kanga za mama zetu. Zilianza pwani hii karne ya 19, wanawake wakiunganisha leso, baadaye zikawa zinachapishwa ng'ambo, India, Uingereza, Uholanzi hadi Japani. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilivuma mno, na kanga zake zikabeba alama: "Mali ya Abdulla". Jina la mwenye duka tunalo mpaka leo. La yule aliyelichora bibo likapendwa na pwani nzima, je? Halimo kwenye kitambaa. Sisemi alidhulumiwa. Nasema kitambaa hakikumtaja.

Haya, tuje karibu. Mwaka 2017 mzee mmoja, Francis Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha, alikutwa Buguruni, Dar es Salaam, mgonjwa na katika hali ya umasikini. Mwenyewe alisema alishiriki kuichora nembo ya Taifa, ile ya bibi na bwana na pembe za ndovu. Watu wakabishana, wengine wakamtaja mchoraji mwengine. Mwezi Mei mwaka huo huo akafariki. Nembo iko kwenye pasi zetu na kwenye barua za serikali, na bado watu wanashindana nani aliichora!

Vijana wenzangu, sheria ipo. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na msingi wake ni kwamba kazi ni yako tangu ulipoibuni, hata kama hukuisajili popote. Zanzibar nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Lakini sheria haina miguu. Inangoja weye uende na ushahidi, na mie siku ile sikuwa hata na karatasi ya kupokelea.

Sikatai kujaribiwa. Nijaribu mbele yako, saa moja, kwa kitu usichokuwa na haja nacho. Au tazama kazi nilizokwisha kufanya. Ukitaka kitu cha kutundika barabarani, hilo si jaribio tena, ni kazi, na kazi ina ujira wake. Nanyi mnaoandika hadithi, mkiambiwa "tuletee tatu tukuone", kumbukeni bango langu.

Siku hizi mchoro wa jaribio naupitisha jina langu katikati, kwa herufi kubwa, na tarehe chini. Ofisi ya kwanza niliyoipelekea hivyo ilinambia, "Ondoa jina."

Nikaondoka na mchoro wangu.