Nafasi ya Atg39 na Atg40 katika Uvunjaji Teule wa Retikulamu ya Hamira

Wanafunzi wengi hufundishwa otofajia kama habari ya njaa tu: chakula kikikosekana, seli huzoa kilicho karibu, hukifunga ndani ya kifuko chenye tabaka mbili za utando, kisha hukipeleka kwenye vakuoli kiyeyushwe. Maelezo hayo hayatoshi. Kwa retikulamu ya endoplazimu ya hamira, uteuzi huanzia kwenye utando wenyewe unaovunjwa.

Msingi uliwekwa na Yoshinori Ohsumi. Mwaka 1992, yeye na wenzake walizinyima chakula seli za hamira zisizo na vimeng'enya vya kuvunja protini ndani ya vakuoli, wakaona kwa hadubini ya kawaida vifuko vikirundikana humo. Kazi iliyofuata ya kusaka jeni za otofajia ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Hata hivyo, kujua kifuko hutengenezwaje si kujua kinabeba nini.

Mwaka 2015 Keisuke Mochida, Hitoshi Nakatogawa na wenzao nchini Japani walitambua vipokezi viwili, yaani protini zinazoteua retikulamu ya kuvunjwa. Atg39 hukaa kwenye utando unaozunguka kiini. Atg40 hukaa hasa kwenye retikulamu iliyo chini ya utando wa nje wa seli na ile iliyosambaa katika saitoplazimu. Vyote viwili hushikana na Atg8, protini iliyopachikwa kwenye kifuko kinachojengwa. Seli zenye Atg39 na zilizoikosa zilikuwa na njaa ileile. Kama njaa pekee ingetosha, kuondoa Atg39 kusingeathiri chochote. Lakini seli zilizoikosa, zikinyimwa naitrojeni, zilipata viini vyenye umbo lisilo la kawaida na kufa mapema.

Atg40 inastahili kutazamwa kwa karibu. Sehemu yake iliyozama katika utando inafanana na retikuloni, protini zinazopinda retikulamu. Inaposhikana na Atg8, molekuli zake hukusanyika mahali pamoja na kusaidia utando ujikunje uingie kifukoni. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo zito kuliko yote: protini inayoteua ndiyo pia inayouandaa utando uliochaguliwa.

Pingamizi lipo, na ni la haki. Mwaka 2014 Sebastian Schuck na wenzake walionyesha kwamba retikulamu iliyoelemewa na protini zisizokunjika vizuri inaweza kumezwa na vakuoli moja kwa moja, bila mitambo ya kawaida ya protini za Atg. Hoja yangu basi haihusu kila njia. Lakini hata huko, kilichomezwa kilikuwa mizunguko ya utando wa retikulamu, si mzoazoa wa saitoplazimu.

Binadamu ana protini ya FAM134B, inayofanana na Atg40 kwa kazi. Jeni yake ikiharibika, neva za hisi hudhoofika na mgonjwa hushindwa kuhisi maumivu. Walimu wa biolojia, tuwafundishe wanafunzi vipokezi hivi pamoja na njaa, katika somo lilelile.