Utunzaji wa paka wasio na mwenyewe, pwani ya Kilifi

Utunzaji wa paka katika kituo cha hifadhi, yaani mahali wanapopokelewa wanyama waliotupwa au kujeruhiwa, ni kazi ya subira kuliko nguvu, kwa sababu paka akiingiwa na hofu huacha kula, na siku chache tu za kutokula huweza kumharibu ini. Paka mgeni hutengwa kwa wiki mbili hivi, asije akawaambukiza wenzake maradhi kama panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo na kuua watoto wa paka kwa wingi. Kizimba chake hufunikwa nguo, naye mhudumu huketi kando bila kumkazia macho, akingoja paka mwenyewe anyooshe shingo kumnusa vidole. Mtoto wa paka aliyezoeshwa watu kati ya wiki ya 2 na ya 7 hufugika kwa wepesi, ilhali paka shume, dume aliyekulia nje, huwa hazoei, na kumfungia ni kumtesa.

Mfano mashuhuri wa watoto wa paka waliozoeshwa watu ni wa Watamu, ambako mwaka 1978 Jeni Slater aliwalea paka wachanga wawili wenye manyoya mithili ya gome la mti, wa aina ambayo Wagiriama huiita kadzonzo. Paka wa aina hiyo walipelekwa Denmark katika miaka ya 1980, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, FIFe, likawatambua kwa jina la Sokoke.

Hata hivyo, hakuna kituo kinachoweza kuwapokea paka wote wanaogombea vichwa na matumbo ya samaki katika miji ya pwani, tangu Malindi hadi Marereni ya mashamba ya chumvi, kwani jike hupevuka akiwa na miezi 4 hadi 6, hubeba mimba kwa siku 65 hivi na huweza kushika nyingine angali akinyonyesha. Kuwatilia sumu ni ukatili usio na faida, maana penye chakula paka wengine huhamia. Njia iliyo bora ni kuwanasa kwa mtego wenye chambo cha samaki, kuwahasi chini ya dawa ya usingizi, kuwachanja dhidi ya kichaa cha mbwa na kuwarudisha walikotoka. Kabla paka hajazinduka, daktari wa mifugo humkata ncha ya sikio moja, alama inayoonekana kwa mbali, ili asinaswe na kupasuliwa mara ya pili.