Saratani ya tezi dume: kwa nini nchi nyingine zina wagonjwa wengi kuliko sisi?

Sweden, Norway, Australia na Marekani ni miongoni mwa nchi ambako wanaume wengi hugunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Msikilizaji wa Mbinga, Liuli au Mbamba Bay anaweza kudhani kwamba huo ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Ukitazama vifo badala ya waliogunduliwa, nchi za Karibiani na Afrika kusini mwa Sahara ndizo zenye viwango vya juu kabisa. Katika makala haya tunaeleza sababu.

Anayepimwa ndiye anayehesabiwa

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Saratani yake mara nyingi hukua polepole, na mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila dalili.

Chukua mfano wa vijiji viwili, kila kimoja kina wazee 20 wenye saratani hii. Cha kwanza kinapima wazee wote, kinapata 20. Cha pili kinasubiri aliyezidiwa, kinapata 3. Kwenye karatasi, kijiji cha kwanza kinaonekana kuwa na ugonjwa zaidi, kumbe ni sawa.

Ndivyo ilivyotokea Marekani. Kipimo cha damu kiitwacho PSA kilipoenea, idadi ya waliogunduliwa ilipanda ghafla, ikafika kilele mwaka 1992, kisha ikashuka. Miili ya wanaume haikubadilika kwa miaka hiyo michache. Kilichobadilika ni upimaji.

Kwetu, mzee akifariki nyumbani bila kupimwa, watu husema ni uzee au mkojo kuziba. Haingii katika hesabu ya saratani.

Umri

Ugonjwa huu huwapata zaidi wanaume waliopita miaka 50. Nchi zenye wazee wengi hupata wagonjwa wengi. Watu wetu wanavyozidi kuishi miaka mingi, nasi tutaona wagonjwa zaidi. Kampala, Uganda, ambako saratani zimeandikishwa tangu miaka ya 1950, idadi ya wanaopatikana na saratani hii imekuwa ikipanda.

Urithi na maisha

Mwanamume ambaye baba au ndugu yake aliugua ana hatari takriban mara mbili ya mwingine. Nchini Marekani, wanaume weusi huugua zaidi kuliko weupe, na hufa kwa kiwango cha takriban mara mbili. Urithi unachangia, na ugumu wa kupata matibabu pia.

Mazingira nayo yana nafasi yake. Wajapani waliohamia Marekani walionekana kuugua zaidi kuliko ndugu zao waliobaki Japani. Hata hivyo, hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa kuwa ndicho chanzo, wala dawa ya mitishamba iliyothibitishwa kuuponya.

Kwa nini kwetu wengi hufa?

Kwa sababu wengi hufika hospitali saratani ikiwa imeshaingia kwenye mifupa. Umbali nao ni mzigo: kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchini ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Nauli na malazi peke yake huweza kumaliza fedha za msimu mzima wa kahawa.

Ufanye nini?

Ukifikisha miaka 50, au 45 kama baba au ndugu yako aliugua, zungumza na daktari kuhusu kupima. Muulize faida na hasara, kwa kuwa saratani nyingine hukua polepole mno na hazihitaji tiba ya haraka. Kipimo cha kwanza huweza kuwa cha damu tu. PSA ikiwa juu, bado si uthibitisho wa saratani; uvimbe wa kawaida wa uzeeni au maambukizi huweza kuipandisha.

Usisubiri ukiona mkojo unatoka kwa shida, una damu, au mgongo na nyonga vinauma bila kupoa. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukiziba kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Takwimu ndogo si kinga. Baba, babu na wajomba zetu wanaweza kuwa wagonjwa ambao hawajahesabiwa.