Fundi, Lehemu na Sauti

Historia ya vyombo vya sauti katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa upande wa wasemaji: vituo vya utangazaji, waimbaji na bendi zao. Wale waliofungua vyombo kwa bisibisi ili yaliyosemwa yasikike vizuri zaidi hawakupata waandishi wengi. Hata hivyo kazi yao ina asili, ina hoja na ina lugha yake. Desturi ya kurekebisha deki ya CD nyumbani, ambayo Ulaya na Japani huhesabiwa kuwa anasa ya wapenda muziki, ina ndugu yake mkubwa katika vijiji vya Tanzania. Na ndugu huyo alizaliwa na haja, si na anasa.

Mwankoko ni kata ya Manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu, juu ya uwanda mkavu wa katikati ya Tanzania. Katika nchi ya namna hiyo swali la kwanza la msikilizaji halikuwa uzuri wa sauti, bali uhai wake. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951 kwa wasikilizaji wa mji ule, kisha matangazo yakaenea bara. Shirika la Utangazaji la Tanganyika likaundwa mwaka 1956, na mwaka 1965 ikaja Redio Tanzania Dar es Salaam. Mahali pasipo nguzo za umeme redio iliishi kwa betri kavu, na betri zilipochoka sauti ilififia kama taa inayokwisha mafuta. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, ilipunguza njaa ya chombo, kwa kuwa haikula umeme mwingi kama valvu za zamani, lakini haikuiondoa.

Hapo ndipo ufundi wa nyumbani ulipoanza. Betri zilizochoka zilianikwa juani zipate nguvu ya siku mbili tatu. Waya mrefu ulitundikwa mtini ili kunasa mawimbi mafupi. Spika ilitolewa katika redio na kutiwa katika mtungi au ndoo, ili hewa iliyofungiwa humo iikuze sauti nzito. Mtu asidhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya mchezo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walijifunza afya katika vikundi vilivyokusanyika kusikiliza redio. Redio ilipokoroma, darasa lilikoroma. Aliyeitengeneza alikuwa mwalimu msaidizi, ingawa hakuitwa hivyo.

Lugha nayo ilikuwa tayari kumpokea fundi huyo. Neno lehemu lilikuwa la wahunzi wa bati na wa fedha kabla ya redio kujulikana: ndiyo madini laini iyeyukayo ili kuunganisha vipande viwili. Fundi redio alilirithi pamoja na moto wake. Jirani ya neno hilo la kale yakakaa maneno mageni, transista, kapasita, transfoma, yaliyotamkwa kwa ulimi wa Kiswahili pasipo kungoja kamusi.

CD ilitokea Japani mwaka 1982, kazi ya makampuni mawili, Philips na Sony. Wazo lake lilikuwa geni kabisa. Santuri huiga wimbi la sauti kwa mfuo wake. CD huliandika wimbi hilo kwa tarakimu. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sufuri na moja. Mwali wa leza husoma, kigeuzi hurudisha tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, na amplifaya huyapeleka kwenye spika. Watu waliambiwa kwamba tarakimu hazichakai, kwa hiyo deki zote zitalingana.

Ahadi hiyo haikutimia yote, na kosa halikuwa katika tarakimu. Deki ya kwanza ya Sony, CDP-101, ilikuwa na kigeuzi kimoja kilichohudumia upande wa kushoto na wa kulia kwa zamu, hata upande mmoja ukachelewa nyuma ya mwenziwe kwa muda mdogo sana. Philips nao walianza na vigeuzi vya tarakimu 14, wakafidia upungufu huo kwa kuzidisha vipimo mara nne kabla ya kuvigeuza. Tena, baada ya kigeuzi, kila deki ilibaki kuwa chombo cha kale: ilikuwa na transfoma, kapasita na vikuza sauti vidogo, vilivyochaguliwa na mtu aliyepaswa kupunguza gharama. Penye gharama kupunguzwa pana nafasi ya fundi. Wapenzi wa muziki wakafungua deki zao, wakabadili kapasita za njia ya umeme, wakaweka vikuza sauti vyenye makelele machache, wakaitafutia fuwele iongozayo mapigo ya deki umeme wake peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Marantz yenyewe iliuza deki yake ya CD-63 katika namna ya pili, iliyorekebishwa chini ya uangalizi wa Ken Ishiwata na kubeba herufi za jina lake. Mtengenezaji alikiri kwa vitendo kwamba chombo alichokwisha kukiuza kilikuwa hakijakwisha.

Muziki wa Tanzania ulikuwa ndani ya habari hii, lakini kwa mzunguko wa ajabu. Albamu ya Remmy Ongala, Songs for the Poor Man, ilitolewa Uingereza mwaka 1989. Na mwaka 1996 ikatoka Chibite ya Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, jirani wa Wanyaturu. Zilitoka katika CD, zikasikilizwa London katika deki safi, hali wengi wa watu ambao nyimbo hizo zilitoka kwao walisikiliza kanda zilizonakiliwa na kunakiliwa tena. Deki za CD zilipoenea baadaye katika nyumba za Tanzania, nyingi zilikuwa za bei ndogo au zimekwisha kutumika. Kwa hiyo kuirekebisha deki hakukuwa kutafuta raha ya sikio tu. Kulikuwa njia ya kupunguza umbali kati ya mwimbaji na watu wake.

Na hapa nchi ya kina Mwankoko ina neno la kusema. Mpenzi wa muziki wa Ulaya hutaabika kuuondoa mvumo wa umeme wa gridi, unaopiga mara 50 kwa sekunde, na baadhi yao hununua betri kwa bei kubwa ili deki ipate umeme mtulivu. Nyumba isiyo na gridi, yenye betri ya volti 12 iliyojazwa na sola, inao umeme huo tayari. Deki ya gari, ambayo imeundwa kwa volti 12, huweza kufungwa juu ya betri hiyo moja kwa moja kwa kupitia fyuzi. Fundi mjinga huweka inveta katikati, akageuza umeme mtulivu kuwa umeme wenye makelele, kisha adapta ikaugeuza tena. Fundi mwerevu huiondoa inveta, na sauti husafika kwa kupunguza vitu, si kwa kuongeza. Ufukara wa nguzo na utajiri wa msikilizaji wa Ulaya hukutana katika betri moja.

Haki inataka kusema pia mipaka ya ufundi huu. Sikio ni shahidi apendaye kuridhisha bwana wake: aliyetumia siku nzima kwenye lehemu hutaka kusikia tofauti, naye huisikia hata isipokuwapo. Dawa yake ni kumsikilizisha mtu wa pili asiyejua ni deki ipi inayopiga. Wala hakuna kapasita irudishayo sauti ambayo haikurekodiwa. Tena deki ya umeme wa gridi inaweza kuua, na mwali wa leza huharibu jicho. Ujasiri bila elimu si ufundi.

Siku hizi nyimbo hukaa ndani ya simu, na simu nyingi zimefungwa kwa gundi badala ya skrubu. Elimu ya mikono iliyokusanywa tangu enzi za redio za betri haina tena mlango rahisi wa kuingilia. Nyingi haikuandikwa: imo katika vidole vya wazee wenye meza ndogo sokoni, na katika maneno wanayowaambia vijana wanaowashikia taa. Chuo kinachohifadhi mashairi ya waimbaji kingefanya vema kuyaandika na maneno hayo, maana shairi lililorushwa hewani lilifika nyumbani kwa watu kupitia mikononi mwao.